Bibi ametajwa uchawi: la kufanya kijijini, tangu msibani hadi arudi kwake

Usiku wa pili wa msiba ndio wa kuangaliwa. Wanaume wameuzunguka moto nje, wanawake wamejilaza ndani kwenye mikeka, ndugu wa mbali bado wako kwenye basi. Mtu mmoja, mara nyingi asiye wa karibu sana na marehemu, anasema: "Hiki kifo kina mkono wa mtu." Anayefuata anakumbuka kwamba wiki iliyopita marehemu alipishana maneno na bibi fulani kisimani. Wa tatu ameona kwamba bibi huyo alipofika msibani hakutoa chozi. Alfajiri jina limeshapatikana, na hakuna hata mmoja aliyetoka kwake akiwa amekusudia kulitaja.

Maelekezo haya ni kwa walio karibu na jina hilo: mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, mwana au mkwe wa anayetajwa, shemasi, imamu, mhudumu wa afya wa jamii, jirani wa ua kwa ua. Yamepangwa kwa hali ya vijiji vya Kigoma, toka Kakonko hadi Uvinza, ingawa mtu wa Tabora naye atajiona humu. Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti wilayani Kasulu, watu saba waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Julai 2017, kijijini Uchama wilayani Nzega, waliuawa wanawake watano. Tuhuma ikishafika kwenye mapanga na moto, mtu mmoja hawezi kuizuia. Siku chache kabla ya hapo anaweza, tena kwa mambo madogo yanayojulikana.

Usibishane kama uchawi upo

Kosa hili hufanywa sana na wasomi, walimu na maofisa wa serikali wakiwamo. Mtu amefiwa na mtoto, wewe unamwambia uchawi ni ujinga. Papo hapo umejitoa kwenye kikao, na lile jina limebaki kwa wenye hasira. Isitoshe, bibi mwenyewe aliyetajwa huenda anaamini kama wao. Liache swali hilo. Shika jambo moja tu: hakuna mtu kijijini aliyepewa kazi ya kumtaja mwenzake, kumhukumu wala kumgusa.

Sheria iko upande wako hapa kuliko watu wengi wanavyojua. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyotungwa na wakoloni mwaka 1928 na bado inatumika, humshika anayejidai kuwa na nguvu za uchawi na anayetishia kuzitumia. Lakini humshika pia anayemtaja mwenzake kuwa ni mchawi, isipokuwa kama amepeleka lalamiko lake kwenye mamlaka kama polisi au mahakama. Kwa hiyo anayesimama motoni na kutamka jina la bibi tayari ana kosa, hata kama hajaokota jiwe.

Maneno ya kutumia yawe ya heshima, tena ya chini chini, si ya mkutanoni: "Mzee wangu, pole sana na msiba. Sikukatazi kuamini unachoamini. Ila jina la mtu ukilitamka hapa, kesho ni wewe utakayeulizwa. Kama una neno, tulale, asubuhi nikusindikize kwa mtendaji." Hilo la kumsindikiza usiliache. Umempa mahali pa kupeleka uchungu wake, na umeipitisha saa mbaya ya usiku. Kukicha, nusu ya waliokuwa motoni wana mashamba yao ya kwenda.

Tafuta sababu ya kifo ndani ya siku mbili

Nenda zahanati au hospitali alikotibiwa marehemu pamoja na ndugu wawili wa karibu, mmoja wa upande wa baba na mmoja wa upande wa mama, maana akienda wa upande mmoja tu wa pili atasema taarifa imenunuliwa. Chukueni kadi yake na dawa zilizobaki. Mwombeni daktari au tabibu awaeleze kwa Kiswahili cha kawaida, na kama familia imeridhia, aje aseme maneno machache kabla watu hawajaanua matanga. Sauti ya tabibu anayejulikana ina uzito ambao karatasi haina.

Kuna vifo ambavyo huzaa tuhuma kuliko vingine, kwa sababu vinaonekana kama vimetumwa.

Malale ni cha kwanza kwa mikoa hii. Mbung'o wanaoyaeneza wako kwenye mapori ya Uvinza, Kibondo na Moyowosi, na wanaoumwa zaidi ni warina asali, wachoma mkaa, wawindaji na wachungaji. Mgonjwa huanza na homa inayokuja na kuondoka, kichwa kinauma. Baadaye analala mchana na kukesha usiku, anageuka mgomvi, anaongea ovyo, anayumba kama mlevi. Malale ya upande huu wa Afrika huenda mbio. Ndani ya wiki au miezi michache, bila dawa, mtu amekufa. Nyumbani wanasema amechukuliwa akili. Mhudumu wa afya aulize swali moja mapema: "Alikuwa akienda porini?" Jibu likiwa ndiyo, damu ipimwe kwa hadubini, na waliokwenda naye porini wapimwe pia.

Selimundu, kasoro ya damu ya kurithi, ndiyo inayosababisha maneno ya "ukoo unamalizwa". Baba na mama wote wawili wakiwa wamebeba kasoro hiyo bila wao kuugua, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Nyumba inaweza kuzika watoto watatu, na nyumba ya pili ya baba huyo huyo, kwa mke mwingine, isizike hata mmoja. Mke wa pili ndiye anayetajwa. Hapa usimweleze mume peke yake. Waeleze wazee wa pande zote mbili, na watoto waliobaki wapimwe.

Mihogo michungu iliyolowekwa kwa haraka, hasa wakati wa njaa, inaweza kuua watu wa chungu kimoja usiku mmoja, kwa sababu sumu yake haijatoka. Mihogo hiyo huhitaji siku tatu au zaidi majini, kisha kuanikwa ikauke kabisa. Ukikuta familia nzima imetapika na kuzidiwa usiku, uliza unga umelowekwa siku ngapi kabla hujauliza nani alipita uani.

Radi nayo ina lake. Hutoka kwenye wingu ambalo linaweza kuwa kilomita kumi kutoka hapo, kwa hiyo hupiga mahali ambapo mvua haijafika na jua linawaka. Waliosimama chini ya mwembe mmoja, wawili wanakufa na wa tatu anabaki, kwa kuwa umeme hupita ardhini na kuwapata kwa nguvu tofauti kulingana na walivyosimama. Watu hutafuta nani alikuwa na ugomvi na wale wawili.

Malaria ya watoto yenye degedege, kiharusi na kifafa sina haja ya kuvirefusha. Kila mhudumu wa afya anavijua.

Hata hivyo taarifa ya daktari peke yake haitoshi, na wengi hushangaa kwa nini. Waazande wa Sudan Kusini na Kongo wanajua vizuri kwamba mchwa wakila nguzo ghala huanguka. Wanachouliza ni kwa nini lianguke saa ile ile fulani amekaa chini yake. Ndivyo ilivyo hata Buhigwe, hapa Kigoma. Daktari amejibu "amekufaje". Mfiwa anauliza "kwa nini wa kwangu, kwa nini leo". Swali hilo ni la padri, mchungaji, imamu, mzee wa ukoo, na apewe muda wa kulijibu pale pale baada ya tabibu kusema, siyo wiki ijayo. Likiachwa wazi, atakayelijibu ni mpiga ramli.

Safari ya kwenda kwa mpiga ramli

Serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi Januari 2015, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mganga asajiliwe na Baraza. Usajili huo ni wa kutibu. Haumpi mtu ruhusa ya kutaja nani amemroga nani. Mganga mwaminifu mwenyewe atakwambia hivyo, na waganga wa namna hiyo ni watu wa kushirikiana nao, si wa kuwatupa kundi moja na wachonganishi.

Ujue jinsi jina linavyotoka. Wajumbe watatu wanakwenda wakiwa tayari na majina mawili au matatu vichwani. Mpiga ramli hataji jina kwanza. Anasema, "Namwona mwanamke mtu mzima, anakaa upande wa machweo, mlipakana naye kitu." Wajumbe wanatazamana. "Ni shamba?" anauliza mmoja wao. "Ni shamba hilo." "Macho yake mekundu?" "Hayo hayo." Jina wamelileta wenyewe mfukoni, wanarudi nalo likiwa limepigwa muhuri. Macho mekundu ya bibi aliyepikia kuni miaka hamsini kwenye jiko lisilo na dirisha ni moshi na vikope. Ni jambo la kliniki ya macho.

Njia ya kuizuia safari hii ni fedha. Gharama yake hutoka kwenye rambirambi. Mtunza fedha wa msiba akubaliane na wazee mapema, siku ya mazishi yenyewe, kwamba kilichobaki kinalipa deni la hospitali, usafiri wa ndugu na ada ya watoto wa marehemu, na aandike. Fedha iliyokwisha kupangiwa kazi mbele ya watu ni ngumu kuichomoa. Ukiona safari haizuiliki, hakikisha miongoni mwa wajumbe yumo mtu mzima mmoja asiye na ugomvi na yeyote, na akirudi aje kwako kwanza.

Kamchape wakiitwa

Kamchape ni wanaoitwa kijijini kufichua wachawi na "kukisafisha" kijiji, na jina lenyewe ni la kale kuliko wanaowaita wanavyodhani. Miaka ya 1930 vijana walioitwa mchapi walitembea vijiji vya Malawi na Zambia ya leo, wakiwapanga watu mstari, wakiwatazama kwa kioo kidogo na kuwanywesha dawa, wakiahidi kwamba aliyekunywa akirudia uchawi atakufa. Vijiji vilisafishwa, vifo vikaendelea, wakaja wengine kusafisha upya. Kamchape wa Kigoma, na lambalamba kama wanavyoitwa Tabora, wanafanya biashara ile ile: mchango kwa kila kaya, kuchimba uani na kuibua pembe na vibuyu, kunyoa nywele, kuchanja chale, kutoza faini. Kilichochimbuliwa kilikuwamo ardhini saa ngapi, nani alikuwa karibu na shimo kabla, hakuna anayeruhusiwa kuuliza.

Mtendaji wa kijiji ndiye mlango wao. Dalili ya kwanza ni ajenda ya "usalama wa kijiji" kuletwa kwenye kikao bila maelezo, au orodha ya michango kuzunguka kwenye vitongoji. Siku hiyo hiyo:

Kataa kuandika muhtasari wowote wenye neno kamchape au "wataalamu". Muhtasari wenye sahihi yako utakuwa kielelezo dhidi yako.

Mwandikie mtendaji wa kata, nakala kwa mkuu wa polisi wa wilaya na katibu tawala wa wilaya. Barua iwe na mambo manne tu: nani anawaita, wanatarajiwa lini, mchango ni kiasi gani kwa kaya, nani anaukusanya. Piga na simu. Barua hufika baada ya kamchape.

Mwambie anayekusanya mchango, mbele ya shahidi, kwamba fedha ya kijiji isiyo na risiti na isiyopitishwa na mkutano mkuu ni kosa kuikusanya. Wengi huacha hapo, kwani kesi ya fedha wanaielewa kuliko kesi ya uchawi.

Usikubali maneno ya "asiyetaka kunywa dawa ana lake jambo". Ukinywa wewe mwenyekiti ili kuonyesha huna hatia, umemfunga bibi anayekataa kwa sababu ya dini yake au afya yake.

Kama wameshapita na watu wamechanjwa, haraka sasa ni ya kitabibu. Wembe mmoja huzunguka familia nzima, na damu ya mmoja huingia kwa mwingine. Waliochanjwa waende kituo cha afya ndani ya saa 72, wala wasingoje hadi saa ya 71: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio huanzwa ndani ya muda huo, na hunywewa siku 28. Waulize pia kuhusu homa ya ini B na chanjo ya pepopunda. Aliyenyweshwa dawa na sasa anatapika, mkojo umepungua au macho yamekuwa ya njano apelekwe na mabaki ya dawa ile kwenye chupa iliyofungwa. Usimtapishe kwa nguvu.

Kura ya siri ya kuwataja wachawi iko kundi hili hili. Inaonekana ya haki kwa kuwa ni kura, lakini inahesabu nani hana ndugu wa kutosha mkutanoni. Bibi mjane, mgeni aliyehamia, mke aliyeolewa kutoka mbali: hao ndio hushinda kila mara. Mwenyekiti akiombwa aiitishe, aseme mkutano mkuu hauna mamlaka hayo na afunge kikao.

Jina likishasemwa wazi

Dalili kwamba siku zimekwisha ni hizi: watoto wa jirani wameacha kuja kwake kuomba moto, mawe yametupwa juu ya bati usiku, karatasi imebandikwa mlangoni, vijana wawili watatu wasio wa pale wameonekana wakiuliza nyumba. Mbili kati ya hizo zikitokea pamoja, bibi asilale kwake usiku huo.

Aondoke kabla ya jua kuzama, kwa barabara kubwa na si kwa njia ya mashambani, akiwa na ndugu wawili. Bodaboda iwe ya mtu anayejulikana kwenu. Achukue kitambulisho cha taifa, kadi ya bima, dawa zake za presha au sukari za mwezi mzima, simu na chaja, karatasi zote za shamba, na nguo za siku saba. Mtu mzima akitolewa mbio husahau dawa na karatasi za shamba, navyo ndivyo atakavyovihitaji kwanza. Kabla hajaondoka, mjumbe wa nyumba kumi ahesabu mbele ya shahidi mbuzi, kuku, magunia, mabati, apige picha na simu, ukurasa utiwe sahihi na wote watatu. Ufunguo ubaki kwa mjumbe.

Kama haiwezekani kuondoka, asilale kwenye nyumba ya nyasi wala chumba chenye mlango mmoja. Nyumba za namna hii huchomwa mlango ukiwa umefungwa kwa nje. Alale kwa mtu mwenye bati, milango miwili na watu wengi ndani.

Mtendaji aandike barua fupi siku hiyo hiyo: kwamba fulani ameondoka kwa muda kwa ajili ya usalama wake, kwamba hakuhukumiwa na chombo chochote, kwamba nyumba na shamba lake vinabaki vyake. Bila barua hiyo, baada ya wiki mbili kuondoka kwake kutaitwa kukimbia, na kukimbia kutaitwa kukiri. Asiandike barua ya kumwomba mkuu wa wilaya amhamishe bibi. Sheria ya Uchawi inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akae mahali pengine, na wapo wanaojua njia hiyo na kuitumia kupata shamba.

Polisi: sema kosa, usiseme uchawi

Ukifika kituoni na kusema "nimekuja kwa matatizo ya uchawi", kuna uwezekano mkubwa ukaambiwa mkayamalize kijijini. Taja kosa lenyewe lililotendwa: kutishiwa kuuawa, kuharibiwa mali, kupigwa, kuchomewa nyumba. Haya yote yako kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na hayamtaki askari aamue kama uchawi upo.

Andika daftarini kabla ya kwenda. Maneno ya tishio yaandikwe kama yalivyotamkwa, kwa lugha iliyotumika, hata kama ni Kiha. "Walimtishia" haimsaidii mpelelezi. "Alisema, kufikia Ijumaa hautakuwepo, akaelekeza panga mlangoni, saa mbili usiku, aliyesikia ni fulani" inamsaidia. Usiondoke bila namba ya RB, yaani ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, iandike kwenye simu za watu wawili. Aliyejeruhiwa achukue PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, ila aliye mahututi aende hospitali moja kwa moja na fomu ifuate. Mwanamke au mtoto aombe Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto aliyeitwa mchawi na mama wa kambo au kwenye maombezi ana namba yake, 116. Dharura ni 112. Namba ya mkuu wa kituo na ya polisi kata ziandikwe kwa rangi ukutani, ofisini kwa mtendaji, kwa sababu daftari hufungiwa kabatini.

Asiape, asiombe radhi, asilipe mbuzi

Wazee wa busara huja na suluhu: bibi aape msikitini au kanisani, aombe radhi "yaishe", alipe mbuzi mmoja. Nia yao ni njema, na hapa ndipo suluhu nyingi huharibika. Anayeomba radhi kwa kumroga mtu amekiri. Msiba ujao utamrudia yeye, safari hii bila ubishi.

Salem, Marekani, mwaka 1692, jambo hili lilionekana kwa uchungu wake wote. Waliokiri uchawi hawakunyongwa mwaka ule; waliokana walinyongwa, 19 kwa jumla. Kila aliyekiri alitakiwa kutaja wenzake, kwa hiyo kila kukiri kulizaa majina mapya. Mahakama ilikuwa ikipokea ushahidi wa mtu kusema ameona kivuli cha mshtakiwa kikimtesa, hata kama mshtakiwa mwenyewe alikuwa kwake amelala. Mwaka 1693 mahakama mpya ilipoukataa ushahidi wa namna hiyo, wengi waliobaki waliachiwa. Kwenye kikao cha kijiji kanuni ni hiyo hiyo: ndoto ya mtoto aliyemwona bibi usiku haiandikwi, haijadiliwi. Mtoto apelekwe apimwe malaria, maana homa kali huota mengi.

Badala ya kiapo, kikao kimuulize anayetuhumu: umeona nini kwa macho yako, siku gani, nani mwingine aliona? Majibu yaandikwe. Ikiwa kuna sumu inayoshukiwa, hilo ni jinai ya kawaida na polisi wapewe.

Angalia shamba

Fungua ramani ya ugomvi kabla ya ramani ya misiba. Anayetajwa mara nyingi ni mjane mwenye michikichi iliyokomaa, kahawa, au kiwanja karibu na barabara mpya, na kati ya wanaomtaja yumo anayepakana naye au shemeji anayedai shamba la kaka yake. India nako majimbo ya Bihar, mwaka 1999, na Jharkhand, 2001, yalitunga sheria dhidi ya kumwita mwanamke mchawi, na wajane wenye ardhi ni miongoni mwa wanaoandamwa sana huko.

Tengeneza karatasi mapema, kabla ya ugomvi: mirathi ya mume ifunguliwe Mahakama ya Mwanzo kwa cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo; kisha mjane aombe hati ya hakimiliki ya kimila kwa halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mipaka ikapimwe majirani wakiwepo na kutia sahihi. Msaidizi wa kisheria wa wilayani husaidia bila malipo. Jirani aliyetia sahihi mpaka ana shida kuupinga baadaye. Na kumwondoa bibi hakumpi mtu shamba tena, hivyo ile faida ya kumtaja inapungua.

Kumrudisha

Panga kurudi siku ile ile anayoondoka. Gambaga, kaskazini ya Ghana, ipo kambi ya wanawake waliofukuzwa kwa tuhuma hizi, na wapo waliokaa miaka mingi hadi uzee wao. Walikimbia kuokoa maisha. Hakuna aliyeshika kazi ya kuwarudisha.

Miezi miwili au mitatu ni muda wa kutosha kwa kawaida, kama wenye vitisho wameshaandikwa polisi. Arudi wakati wa kupanda, mvua zikianza, si wakati wa njaa wala wa homa nyingi. Asirudi usiku. Mjumbe, shemasi au imamu na wanawake watatu wa kikundi chake cha kuweka na kukopa wamtembeze toka kituo cha basi hadi mlangoni mchana kweupe, wakisalimia kila nyumba njiani, hata ya aliyemtaja: "Mwakeye, tumemrudisha mama." Siku hiyo hiyo wamsaidie kitu kinachoonekana, paa lililovunjwa au robo eka ya maharage. Ijumaa au Jumapili inayofuata akae mahali pake pa siku zote.

Kisha mkubaliane zamu. Kijiji kitapata msiba mwingine, huenda ndani ya mwezi. Mtu wa zamu, anayejulikana kwa jina na simu, aende kwa bibi saa ile ile tangazo la kifo linapotolewa, wafuatane hadi msibani, wakae pamoja, watoke pamoja. Na usiku wa pili, mwanamume mmoja wa zamu akae kwenye moto hadi kunapambazuka.